Jiko la Moshi Lisilokula Makaa

Anayetafuta jiko la kubanikia nyama kwa moshi huku mfuko wake haujatuna huanza na swali la bei. Ni swali la haki, lakini huulizwa mapema mno. Jiko hulipiwa mara moja. Makaa hulipiwa kila wiki, mwaka nenda mwaka rudi. Katika kata ya Kasikeu, eneo la Kilome, kaunti ya Makueni, ambako barabara ya Mombasa na reli hupita karibu na nyama ya mbuzi huchomwa kuanzia Salama hadi Sultan Hamud na kuendelea Emali, mwenye kibanda huumizwa zaidi na hesabu ya makaa kuliko hesabu ya chuma. Hoja yangu ni hii: kwa mtu wa kipato kidogo, na hasa katika nyika ya Ukambani, jiko la bei nafuu ni lile ambalo mwenyewe anaweza kulinyima hewa. Ukubwa, rangi, magurudumu na jina la kiwanda vifikiriwe baada ya hapo, pesa zikibaki.

Sababu iko kwenye tabia ya makaa yenyewe. Makaa hayaungui kwa kadiri ya wingi wake. Huungua kwa kadiri ya hewa inayoyafikia. Ukiyamwaga kwenye pipa lililopasuliwa na kuachwa wazi, yaani lile jiko la kawaida la kando ya barabara lenye wavu juu na miguu minne chini, hewa huyafikia kutoka kila upande, na upepo wa kiangazi huongeza wake. Moto huwa mkali kuliko nyama inavyohitaji, na mchomaji hana njia ya kuutuliza ila kuyatawanya makaa, kuyanyunyizia maji au kuihamisha nyama. Kila moja ya njia hizo hupoteza joto lililokwisha kulipiwa. Jiko lenye kifuniko kinachokaa sawasawa, tundu la hewa chini na bomba la moshi juu hufanya kazi kwa namna nyingine. Moshi wa moto ukipanda kwenye bomba huvuta hewa mpya kupitia tundu la chini, na anayelibana tundu hilo anaubana moto wenyewe. Hivyo ndivyo joto linavyoweza kukaa kati ya nyuzi 110 na 135 za selsiasi kwa saa nne au tano, kiwango ambacho nyama ya moshi huiva bila kuungua. Kazi ikiisha, tundu na bomba vyote huzibwa, moto hukosa hewa ukazima, na makaa yaliyobaki huwa ya kesho. Kwenye jiko la wazi makaa hayo huendelea kuwaka hadi yawe majivu, mteja wa mwisho akiwa ameshaondoka.

Tufanye hesabu ya mfano. Kibanda kinachookoa kilo 3 za makaa kwa wiki huokoa kilo 156 kwa mwaka. Mwenye kibanda azidishe mwenyewe kwa bei ya makaa ya sokoni kwake, kisha alinganishe na pesa anazoongezwa kwa ajili ya kifuniko. Iko pia hesabu ya pili, ambayo haiandikwi kwenye daftari la kibanda. Tanuru la udongo la kienyeji, ambalo bado ndilo la wachoma makaa wengi nchini, huhitaji kilo 5 hadi 10 za kuni ili kutoa kilo 1 ya makaa. Kwa hivyo zile kilo 156 zilikuwa kati ya kilo 780 na 1,560 za miti. Ukambani miti hiyo ni migunga na jamaa zake wa nyika, miti inayokua polepole kwenye ardhi yenye mvua chache na za kubahatisha. Kisiki cha mgunga mzito uliotoa gunia moja hakirudishi kimo chake kwa misimu miwili wala mitatu.

Watu wa Kitui na Makueni wanalijua jambo hili kuliko anayeliandikia gazeti. Januari 2018, Gavana wa Kitui wakati huo, Charity Ngilu, alipiga marufuku biashara ya makaa na uchotaji wa mchanga katika kaunti yake, na mzozo uliofuata ukafika mahali lori la makaa likateketezwa. Mwezi uliofuata serikali ya kitaifa ikasimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii, amri iliyodumu hadi Rais William Ruto alipotangaza kuiondoa Julai 2023. Kabla ya hayo yote zilikuwapo Kanuni za Makaa za mwaka 2009, zilizowataka wachoma makaa wa biashara wajiunge katika vyama, na msafirishaji awe na kibali cha Shirika la Huduma za Misitu, KFS. Amri za aina hii hupandisha bei ya makaa kwa kishindo, zikalegea, zikarudi. Mwenye jiko linalokula makaa mengi huyumba kila zinapobadilika. Wala simlaumu anayechoma makaa. Mvua za vuli zikikosa, mahindi na ndengu zikikauka shambani, makaa huwa ndiyo mavuno pekee ambayo familia inaweza kuyapeleka barabarani yakapata karo. Kwa sababu hiyohiyo mnunuzi ana wajibu wa kuyatumia bila israfu, kwani kila gunia lina mti ndani yake na mara nyingi lina dhiki ya mtu pia.

Kenya imewahi kulipitia somo hili na ikafaulu. Jiko la bati tupu, ambalo inaaminika lililetwa na vibarua wa Kihindi waliojenga reli, lilitawala mijini kwa miongo mingi. Mapema miaka ya 1980 mafundi, wahandisi na mashirika ya nishati walitengeneza jiko la udongo na bati ambalo leo kila mtu analijua, lile lenye kiuno chembamba, wakichukua mfano kutoka jiko la ndoo la Thailand. Walichokifanya ni mambo mawili: kuweka udongo wa kuchoma mahali moto unapokaa ili joto lisipotee kupitia bati, na kuweka kilango cha kupimia hewa chini. Kwa makadirio ya kawaida jiko hilo hupunguza makaa kwa theluthi moja hadi nusu likilinganishwa na la bati tupu. Lilikuwa ghali kuliko lile la zamani, watu wakalinunua hata hivyo, kwa kuwa ndani ya miezi michache walikuwa wamesharudisha pesa zao. Ajabu ni kwamba tulikubali hoja hiyo kwa sufuria ya ugali tukaikataa kwa nyama. Nyumba ileile yenye jiko la udongo jikoni huwa na jiko la wazi uani, siku ya sherehe likimeza makaa ya wiki nzima kwa mchana mmoja.

Sasa tuingie karakanani. Kwa mtu wa Kasikeu chaguo la maana huanzia kwenye pipa la chuma la lita 200, kwa kuwa linapatikana, fundi wa jua kali analifahamu, na chuma chake, ingawa si kinene, ni kinene kuliko majiko mengi ya dukani ya bei ya chini. Pipa la kawaida lina urefu wa karibu sentimita 88 na upana wa karibu sentimita 58. Njia iliyozoeleka ni kulipasua kwa urefu, nusu moja iwe kitanda cha moto na nusu ya pili kifuniko chenye bawaba. Njia ya pili ni kuliacha limesimama, moto ukae chini na nyama juu. Wengi huchagua ya kwanza kwa sababu wameiona kila mahali na ina nafasi pana ya kutandaza nyama. Kwa mwenye bajeti ndogo naona wanakosea, na ushahidi uko kwenye kipimo cha uwazi. Pipa lililopasuliwa kwa urefu lina mshono wa takriban sentimita 290 kati ya kifuniko na mwili, na kila sentimita inaweza kuvuja. Lililosimama lina mzunguko wa mdomo wa takriban sentimita 180. Zaidi ya hapo, chuma kilichokunjwa kiwandani kuwa duara kikishapasuliwa kwa grainda hujifungua kidogo, na joto hukipinda zaidi, kiasi kwamba kifuniko kilichokaa vizuri siku ya kununuliwa huanza kupwaya baada ya muda. Fundi hodari hulitibu tatizo hili kwa kuchomelea ukingo wa chuma bapa kuzunguka mdomo wote, lakini chuma hicho na saa hizo za kazi ni pesa.

Pipa la kusimama halina gharama hiyo. Yapo mapipa yanayotoka kiwandani yakiwa na mdomo wazi, kifuniko cha kuvulika na pete ya chuma ya kukibana. Kifuniko hicho kilitengenezwa kuzuia mafuta au rojo la matunda visimwagike safarini, na hakuna fundi wa kijijini atakayeweza kukishinda kwa kukaza. Kazi inayobaki ni ndogo: matundu mawili au matatu chini, kila moja likichomelewa kipande cha bomba chenye uzi na kofia ya kusokota, bomba la moshi kwenye kifuniko na kibati cha kulizibia, kikapu cha chuma cha makaa kilichoinuliwa kiasi cha sentimita 15 kutoka sakafuni ili majivu yapate pa kuangukia, na wavu ulioegemea boliti nne, karibu sentimita 60 juu ya moto. Makaa hujazwa mara moja, yakiwa mabichi, kisha machache yaliyokwisha kukolea humwagwa juu yake. Moto hushuka polepole kutoka kaa moja hadi jingine, na kikapu kimoja hutosha paja na bega la mbuzi hadi yaive. Kasoro ipo, na isifichwe. Ukikosea kipimo na makaa yakaisha kabla ya nyama, itakubidi uondoe wavu ndipo uongeze. Anayejifunza ajaze zaidi ya anavyodhani yatahitajika, maana yakibaki yatazimwa na kutumika tena.

Asiyeamini kwamba kitu cha maana kinaweza kutoka kwenye chuma kilichokusudiwa kazi nyingine akumbuke majiko ya mviringo ya Weber, yanayouzwa leo dunia nzima. Mwaka 1952 George Stephen, aliyefanya kazi Weber Brothers Metal Works huko Chicago, alikuwa amechoshwa na jiko la wazi lililopeperushiwa majivu na upepo. Karakana yao ilikuwa ikitengeneza maboya ya chuma ya majini. Akalikata boya, nusu moja ikawa bakuli la moto na nusu ya pili kifuniko, akalipa miguu na matundu ya hewa. Alichovumbua hakikuwa chuma kizuri zaidi, kilikuwa kifuniko na udhibiti wa hewa.

Pingamizi la kwanza najua litatoka kwa wachomaji wenyewe: mteja wetu hataki nyama ya moshi, anataka choma. Dereva wa lori anayesimama Sultan Hamud anataka mbavu zilizoungua kidogo pembeni, chumvi, kachumbari na ugali, tena ndani ya nusu saa. Ni kweli, na anayewauzia madereva pekee anahitaji moto wa wazi kwa sehemu ya kazi yake. Ila kifuniko hakimkatazi mtu kuchoma. Pipa la kusimama likiwekewa boliti nyingine nne karibu na kikapu, wavu hushushwa na nyama ikachomwa juu ya moto wa karibu bila kifuniko. Wateja wakipungua, kifuniko kinarudishwa na makaa yanalala. Iko pia sababu ya kibiashara ambayo wachomaji wachache wameitazama. Mbuzi wengi wanaofika masokoni kama Emali wametembea nyika kavu. Miongoni mwao wamo wazee, na shingo na mabega yao ni magumu. Ugumu huo unatokana na kolajeni, nyuzi zinazoshikanisha misuli, ambazo moto mkali hauzilainishi, huzikaza tu. Zikikaa kwenye joto la wastani kwa saa kadhaa, nyama ikipita nyuzi 70 ndani yake na kuendelea kupanda, huyeyuka na kuwa ute unaoifanya nyama iachane na mfupa. Kipande ambacho kwenye jiko la wazi humrudisha mteja akilalamika meno, kwenye jiko la kufungwa huwa ndicho kitamu kuliko vyote, na buchani kilinunuliwa kwa bei ya chini.

Pingamizi la pili ni la wanaopita madukani Nairobi au Machakos na kuona jiko la moshi lililong'arishwa, lenye kipimajoto mlangoni na vibao pembeni, kwa bei isiyotisha. Lishike kwa mkono ulibonyeze ubavuni. Likibonyea, liache. Bati jembamba hupoteza joto haraka, na majivu yakilowa mvua hulila sakafuni hadi litoboke. Kipimajoto chake nacho hupima joto la mlangoni, si la pale nyama ilipolala, na tofauti huwa kubwa. Kipimajoto kidogo cha kudunga kwenye nyama kitasaidia zaidi, na kitahamia kwenye jiko lolote utakalonunua baadaye.

Wasiwasi wa tatu ni mzito, nao unahusu pipa lenyewe: lilibeba nini? Hapa hakuna nafasi ya kubahatisha wala kubana matumizi. Pipa lililobeba dawa za kuua wadudu, kemikali za kiwandani au rangi lisiguswe hata likitolewa bure, kwa sababu hakuna moto wa kuliunguza utakaomhakikishia mtu kwamba limetakata. Lililobeba petroli au dizeli linaweza kulipuka mikononi mwa fundi cheche ya grainda ikikutana na mvuke uliobaki ndani, hata kama linaonekana tupu. Linalofaa ni lililobeba chakula: mafuta ya kupikia, asali, rojo la matunda. Rojo husafirishwa likiwa ndani ya mfuko uliotiwa kwenye pipa la mdomo wazi, kwa hivyo chuma huwa hakikuguswa na kitu. Makueni ni kaunti ya maembe na machungwa, yenye kiwanda chake cha kusindika matunda kule Kalamba tangu 2017, na anayeuliza kwa wasindikaji na wauzaji wa mapipa anaweza kupata jibu zuri kuliko anayeokota pipa gereji. Rangi ya nje na utando wa ndani viondolewe kwa moto mkali wa kuni, uwanjani, mbali na watu, kisha pipa lisuguliwe hadi chuma kionekane, lipakwe mafuta ya kupikia na kuwashwa tupu kwa saa kadhaa kabla ya nyama yoyote. Wavu nao uchunguzwe. Waya wa banda la kuku na chuma kingine kilichopakwa zinki havifai karibu na moto. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420, kiwango ambacho makaa yaliyokolea hukipita kwa urahisi, na moshi wake huleta homa. Nondo nyembamba zisizopakwa kitu, zikichomelewa kwa kupishana, zitadumu miaka.

Kwa nini basi tusijenge kwa matofali, wengine watauliza, ilhali udongo upo na matofali yanachomwa humuhumu vijijini? Swali hili nalipenda, na jibu lake hutegemea siku ngapi jiko litawaka. Ukuta wa matofali hunywa joto jingi kabla haujaanza kulirudisha. Anayebanika kila siku, kuanzia asubuhi hadi jioni, atafaidika, kwa sababu ukuta uliokwisha pata moto hushikilia joto kwa makaa machache na upepo hauupati. Anayewasha Jumamosi tu atatumia sehemu kubwa ya makaa yake kuyapasha moto matofali yatakayopoa usiku. Tena jiko la matofali halihamishwi, na vibanda vingi vya kando ya barabara vimesimama mahali ambapo mwenyewe anaweza kuambiwa ahame. Mwenye ploti yake na wateja wa kila siku ajenge. Wengine wabaki na pipa, na wakitaka sehemu ya faida ya tofali walizungushie pipa udongo kwa ndani pale chini panapokaa kikapu, kwa kufuata lile somo la jiko la udongo na bati.

Wapo watakaosema makaa yaachwe kabisa na watu wahamie gesi. Kwa chai, ugali na maharagwe, nakubaliana nao. Gesi ikiingia kila jiko la nyumbani Kasikeu, miti itapumua. Nyama ya moshi ni kazi ya mara chache kuliko chai, na kwa kazi hiyo moto wa makaa machache yaliyodhibitiwa, pamoja na kijiti cha mti wa matunda, una sababu ya kubaki. Makaa ya vumbi, yaani yale yanayofinyangwa kutokana na chenga zinazobaki chini ya magunia, yanafaa sana hapa. Huwaka polepole na kwa joto lisilopandapanda, sifa ambazo mpishi wa ugali huzilalamikia lakini mbanikaji ndizo anazozitafuta. Majivu yake ni mengi, ndiyo maana nimetaja nafasi ya sentimita 15 chini ya kikapu.

Kuhusu afya, nisilifunike jambo kwa sababu linanipinga. Mwaka 2015 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka nyama iliyosindikwa, ikiwemo ya kukaushwa kwa moshi, katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Nyama ya moshi basi si chakula cha kila siku, na jiko zuri halibadilishi hilo. Linachoweza ni kupunguza madhara. Mafuta yakidondokea makaa huungua na kutoa moshi wenye sumu unaorudi kuishika nyama, na tatizo hili liliwasumbua wakaushaji samaki wa Afrika Magharibi muda mrefu. Nchini Senegal, katika kituo cha Thiaroye, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, na wataalamu wa huko walitengeneza tanuri linalokinga mafuta yasifike kwenye makaa na kutenganisha hatua ya kuivisha na hatua ya kutia moshi. Kwenye pipa letu kinga hiyo ni sufuria pana ya maji iliyowekwa kati ya moto na wavu. Hupokea mafuta, hutuliza joto na kuzuia nyama isikauke. Na kwa kuwa jiko la kufungwa huunguza makaa kwa hewa kidogo, hutoa kwa wingi kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu inayoua watu wakiwa usingizini. Likae nje daima. Lisiingizwe chumbani Julai kwa ajili ya kuota joto, hata likionekana limezima.

Moshi wenyewe usitoke kwa miti ya nyika. Makaa hutoa joto. Harufu hutoka kwa vipande vichache vya kuni kavu vilivyochomekwa kati yake, na Makueni haikosi. Matawi ya mwembe na mchungwa yanayopogolewa baada ya mavuno, na ya mpera pia, yakikaushwa kivulini miezi michache hutoa moshi mwepesi wenye utamu. Vipande vitatu au vinne vya ukubwa wa ngumi hutosha kikapu kizima, kwani nyama hushika moshi zaidi mwanzoni ikiwa bado baridi na mbichi. Msonobari na mingine yenye utomvu wa kunata huacha uchungu. Mnyaa wa uani, ambao maziwa yake huunguza macho, usikaribie jiko kabisa, na mbao zilizopakwa rangi au dawa ya mchwa zibaki huko huko kwenye ujenzi.

Inabaki siku ya kupatana na fundi. Mteja asiye na pesa nyingi hujaribiwa kupunguza bei kwa kuondoa kile asichokiona, akaacha matundu ya hewa yasiyo na kofia, bomba lisilo na kizibo, kifuniko kisicho na pete, ili abaki na magurudumu na meza ya pembeni. Apunguze kwa mpangilio wa kinyume. Magurudumu yaondoke, kwa kuwa pipa tupu hubebwa na watu wawili bila shida. Meza iondoke, rangi ya nje iondoke, mapambo ya jina la kibanda yasubiri. Malipo ya mwisho yangoje jaribio linalofanyika palepale karakanani. Konzi ya majani mabichi iwekwe juu ya makaa machache yaliyokolea ndani ya pipa, kifuniko kibanwe, matundu yote yazibwe isipokuwa bomba. Moshi mzito utajaa na kutafuta njia. Uzunguke polepole, uangalie mdomo, maungio ya bomba, boliti za wavu na kofia za chini. Uwazi wa unywele usikutie hofu, kwa sababu masizi na mafuta vitauziba baada ya kubanika mara kadhaa. Ukiona mahali panapopitisha sarafu ya shilingi 10, fundi awashe tena mashine yake, na salio alipokee akishapaziba.